Shali Iliyogeuka Kofia

Hapo zamani, na wewe uliyeegemea ukuta kaa sawa maana nikimaliza nitakuuliza, kulikuwa na kijiji huko Rungwe, juu kabisa, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi. Baridi ya huko si ya kujifunika khanga. Ni baridi ya kukaa jikoni, miguu karibu na majivu.

Katika kijiji hicho mtoto hakufumiwa kitu kabla hajazaliwa. Si kofia, si soksi. Ukionekana na sindano ya kroshia karibu na mwenye mimba, wanawake walikutazama vibaya mpaka unaificha. Walisema ni kumtangulia Mungu. Msicheke. Bibi zenu nao walikuwa hivyo hivyo.

Basi alikuwepo mwanamke aitwaye Subilaga, mke wa Gwakisa. Alikaa kwa mumewe miaka mingi bila kushika mimba, mpaka watu wakachoka hata kumsengenya. Aliposhika, kijiji kizima kikafurahi. Huyu analeta ndizi, huyu analeta maziwa, huyu anamkataza kuinua ndoo. Na mtoto naye, baada ya kusubiriwa muda wote huo, akaona yeye hasubiri. Akaja kabla ya mwezi wake, asubuhi ya mvua. Mtoto wa kike. Mdogo, jamani! Nesi wa zahanati alimbeba kwenye viganja akabaki na nafasi.

Daraja la mtoni lilikuwa limesombwa na maji. Hospitali iko ng'ambo. Duka la nyuzi liko ng'ambo. Nesi akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa khanga.

"Kifua cha mama kitampasha mwili," akasema. "Kichwa je? Joto lake linapotelea kichwani. Nitafutieni kofia ya sufu, ndogo, ya kumkaa vizuri. Leo hii. Mkichelewa, sijui nitawaambia nini."

Kofia haikuwepo. Si niliwaambia? Mtoto hafumiwi kitu.

Wakamfunga kitambaa, kikalowa ukungu. Wakamvika kofia ya mtoto wa jirani, ikamshuka mpaka kidevuni. Na wewe unayetaka kuniuliza kwa nini hawakukata mkono wa sweta, walikata. Sweta la mnadani, gumu, likamchuna ngozi. Miguu ya mtoto ikaanza kupoa. Hakulia. Alitoa kisauti tu, halafu kimya, halafu kisauti tena, na Subilaga akawa anahesabu ule ukimya kwa moyo wake.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwepo Bibi Atuganile, mama yake Gwakisa. Bibi huyu alikuwa na shali. Shali ya sufu, laini, ya rangi ya kiini cha yai, iliyofumwa kwa mkono. Marehemu mumewe alirudi nayo kutoka migodini, na tangu siku hiyo haikutoka mabegani mwake. Ukiigusa anakufukuza. Wanawe alikwisha kuwaambia, "Mkinizika bila shali yangu, nitarudi niwaulize."

Bibi Atuganile akamtazama mtoto. Akatazama shali. Akaivua.

"Mama, hapana," Subilaga akasema. "Hiyo ni ya baba."

"Baba yenu amekufa," Bibi akajibu. "Huyu hajafa."

Akatafuta fundo la mwisho, akalikata kwa meno, akavuta. Shali ikaanza kufumuka, mstari kwa mstari. Bibi alilia waziwazi, kamasi na machozi, lakini mkono haukuacha kuvuta. Mpaka ikabaki donge la uzi.

Haya. Uzi upo. Nani afume?

Fundi wa kroshia kijijini alikuwa mmoja, Tupokigwe. Wengine walijua vitambaa vya makochi tu, tena vinavyokwenda upande. Tupokigwe hakuwa na mtoto. Ndiye aliyemfumia Subilaga vitambaa vya harusi, na Subilaga alipokaa bila mimba, maneno yakaanza kuzunguka: mikono ya Tupokigwe ina nuksi, inafuma utasa. Na aliyeyaanzisha maneno hayo mnajua ni nani? Ni huyu huyu Bibi Atuganile! Tupokigwe akaapa kwamba hatafuma kitu cha nyumba ile mpaka anaingia kaburini.

Sasa mtazameni Bibi mlangoni kwa Tupokigwe, mabega wazi, mvua inamchuruzika, donge la uzi amelificha kwapani lisilowe.

"Nifumie kofia ya mjukuu wangu," akasema.

"Mikono yangu si ina nuksi?"

"Mdomo wangu ndio uliokuwa na nuksi. Nilikukosea, mwanangu. Nilikukosea na nilijua nakukosea. Nifumie."

Tupokigwe alisimama pale akiwa amekunja uso. Alikuwa na haki ya kufunga mlango, na mimi ningekuwa yeye sijui kama nisingeufunga. Akachukua sindano yake akatoka mbele, Bibi nyuma.

Akaketi kando ya kitanda. Akapima kichwa cha mtoto kwa ngumi yake mwenyewe. Akafuma, akafuma, akafuma. Wanawake wakajaa chumbani kumtazama, maana vidole vile vilikuwa na mbio. Na kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kumfumia mtoto, na kwa kuwa wote waliomsema walikuwa wamesimama pale wanatazama, akaweka ufundi wake wote. Akatia maua. Akatia matundu ya nakshi kuzunguka paji la uso. Ilipokwisha, chumba kizima kikasema, "Looo!"

Ndipo Sekela akasogea.

Sekela mnamjua, hata kama hamkumwona. Kila kijiji kina wake. Ukipika pilau, yeye ndiye anayepata jiwe. Ukijenga, anakuonyesha ukuta ulipopinda. Akaichukua kofia, akaiweka mbele ya mdomo wake, akapuliza. Upande wa pili akaweka kiganja.

"Upepo unapita," akasema. "Fumua."

Weee! Chumba kikawaka.

"Sekela, hata kifungo hujui kushona!"

"Sijui. Fumua."

"Sekela, kwa leo tu, funga mdomo!" Bibi Atuganile akamwambia.

"Nitaufunga kesho. Fumua."

Tupokigwe akainuka, sindano mkononi, macho yamemtoka. "Unajua nimetia nini humu ndani?"

"Najua," Sekela akasema, na sauti yake ikashuka. "Ni nzuri sana, mwenzangu. Ila wa kwangu nilimzika na kofia ya dukani, nzuri kuliko hiyo. Maua hivyo hivyo. Matundu hivyo hivyo. Nilishinda nikiisifia huku anapoa."

Kila mtu alijua kwamba Sekela alizika mtoto. Habari za kofia hakuna aliyezijua.

Tupokigwe akamtazama. Halafu akatia fundo mdomoni, akalikata, akavuta. Maua yakaondoka. Matundu yakaondoka. Sekela akakaa chini miguuni pake, akawa anaukunja uzi unavyotoka. Tupokigwe akaanza upya, safari hii vitanzi vimebanana, bila ua hata moja. Akafuma, akafuma, akafuma. Ikatoka kofia isiyo na sura yoyote, nene kama mkate. Sekela akapuliza. Kiganja hakikuhisi kitu.

Wakamvika mtoto. Wakasubiri.

Subilaga akaingiza mkono ndani ya khanga, akaishika miguu. Akaishika tena, kama asiyeamini. "Mama," akamwambia Bibi, "imepata moto!"

Na mtoto naye akafungua kinywa akalia! Si kile kisauti. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Vigelegele vikapigwa mpaka Gwakisa, aliyekuwa amejiinamia nje kwenye mvua, akaingia na matope yake yote. Nesi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alicheza ndani ya buti za mvua.

Mtoto akanyonya. Akanyonya, akanenepa, mashavu yakaning'inia. Mvua ikaisha, daraja likajengwa upya. Ikafika siku ya kumtoa nje aonwe na watu. Ng'ombe amechinjwa, ndizi zimepikwa, kijiji kimejaa uani. Subilaga akatoka na mwanawe, akataka kumvika ile kofia watu waione. Akaivuta huku. Akaivuta kule. Ikakaa utosini, ikaruka ikaanguka.

"Haimwingii!" Subilaga akapiga kelele.

"Haimwingii nini?" waliokuwa nyuma wakauliza.

"Kofia! Haimwingii!"

"Haimwingii!" ua mzima ukaitikia, na ngoma ikalia. Watu walicheza neno hilo moja mpaka vumbi likapanda. Haimwingii! Haimwingii!

Gwakisa akaiokota kofia, akaiinua juu. "Mtoto huyu hatujampa jina," akasema. "Tuliogopa. Leo hatuogopi. Ataitwa jina la mwanamke aliyempa kofia hii. Aliyempa na asimame."

Wakasimama watatu.

Watu wakacheka kwanza. Halafu wakaona wale watatu hawacheki.

"Bila uzi wangu, Tupokigwe angefuma nini, ukungu?" Bibi Atuganile akasema. "Nilimtoa mume wangu mabegani kwa ajili yake. Sina binti. Siku nikiondoka, naondoka bila shali. Nisiondoke na jina langu pia."

"Uzi ulikuwepo miaka yote, haukuwahi kuwa kofia," Tupokigwe akasema. "Ni mikono yangu, mara mbili. Mikono mliyoisema. Nilifumia nyumba iliyoniaibisha. Mwiteni kwa jina langu, mlitamke kila siku mkimwita kula, ndipo nitajua mmelifuta lile neno."

Sekela hakupaza sauti. "Shali mlikuwa nayo. Mikono mlikuwa nayo. Na mlimfumia kofia ya kumzikia, mkaisifia. Aliyewazuia ni mimi, huku mnanitukana. Wa kwangu hakukaa hata apate jina. Huyu mpeni langu."

Gwakisa akashusha mkono. Akamtazama mkewe.

Na msiniletee ujanja wa kumpa majina matatu, nimeshawaona mnavyotazamana. Baba alisema jina moja. Na mama gani anaita majina matatu wakati uji unapoa?

Subilaga akaichukua kofia kwa mumewe. Akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, na wote watatu walikuwa wanalia. Akamwinamia mwanawe, akafungua mdomo amwite.

Mimi naishia hapo. Haya, wewe wa ukutani, anza wewe: je, ni nani aliyempa mtoto kofia?