Taa za Usawa wa Magoti

Sogeeni karibu, na anayesinzia akanawe uso. Leo sitaki makofi, nataka hukumu.

Katika shule moja ya wasichana huko milimani Taita walikuwako watu watatu. Fundi Mwandawiro alikuwa na jicho la kuona mbali. Mafundi wenzake hufunga taa za dharura juu ya mlango. Yeye alizipanga ukutani mwa bweni, usawa wa magoti, kila moja na betri yake, kutoka kitanda cha mwisho hadi mlangoni. Mwalimu mkuu akacheka, "Fundi, hizi taa ni za panya?"

"Mwalimu, moshi hupanda juu. Mtoto atakuwa chini."

Matroni Wakesho alikuwa na ukaidi, nao si wa mchezo! Kila Jumamosi alifunga mapazia, akazima umeme, wasichana wakatambaa kufuata taa. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanachubuka magoti. "Magoti yatapona," akawajibu.

Kiranja Mghoi alikuwa na subira. Nani amelala bweni asisukume sanduku lake la bati hadi ukutani? Masanduku yakaziba taa, na Mghoi akayavuta kila asubuhi. Wakamwita Askari wa Masanduku. Alilia, akajifuta machozi, akaendelea kuvuta.

Jumapili moja mchana, wasichana wamelala, pasi iliyosahaulika ikaunguza godoro. Umeme ukakatika. Moshi ukawa mzito hata mkono wako huuoni. Lakini kule chini, jamani, mstari wa kijani wa zile taa ulikuwa unawaka! Wakatambaa, tumbo sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine.

Nje, Wakesho akahesabu. Sitini na tatu. Akahesabu tena. Sitini na tatu. Aliyekosekana ni Mkamburi wa kidato cha kwanza, wa kitanda cha mwisho kabisa. Mghoi akapiga magoti akiita jina lake.

Kichwa kikachomoza mlangoni, kimejaa masizi, kinakohoa. Sitini na nne! Wakesho alikaa chini palepale.

Sasa bweni jipya limekamilika. Wazazi wamekubaliana lipewe jina la mtu mmoja tu kati ya hao watatu, na Mkamburi ndiye atakayeliandika ukutani. Bila taa, angefuata nini? Bila zile Jumamosi, angejuaje kutambaa? Bila Mghoi, taa ingekuwa nyuma ya sanduku.

Amesimama mbele ya ukuta mweupe, na wote watatu wanamtazama. Haya, ungekuwa wewe ndiye uliyetoka mle ndani wa mwisho, ungeandika jina la nani?