Mfalme Hashuki

Haya, mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Nikiwapa ngano mtaila au mtaitema?
— Tupe tutafune!

Basi tafuneni polepole, maana hii inachanganya. Hata mimi ninayeisimulia huwa inanichanganya, na aliyechanganyikiwa kuliko sote ni Simba mwenyewe.

Palikuwa na mto. Kando ya mto palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu aliishi Bi Nguchiro na watoto wake. Nguchiro mnamjua: mnyama mdogo, mwili mrefu, pua imechongoka, mdomo haupumziki. Kichuguu chake kilikuwa kirefu, na mlango wake ulikuwa juu. Aliyekaa pale juu aliwaona vizuri wanyama wote wanaokuja kunywa maji. Simba akakiona. Simba akakipenda. Asubuhi moja Bi Nguchiro alipokwenda kutafuta wadudu, Simba akapanda, akajibwaga pu! Tumbo lake likaziba mlango.

Watoto wakabaki ndani. Hakuna kutoka, hakuna maji, hakuna mama.

"Chwi, chwi, chwi! Mama, mlango umeota manyoya!"

Simba akasikia sauti chini yake. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Ahaa," akasema, "tumbo langu linalia. Ila leo linalia kitoto sana."

Ndivyo alivyokuwa Simba yule. Nguvu alipimiwa kwa gunia, akili kwa kijiko, tena kijiko chenyewe cha chai.

Bi Nguchiro akarudi, akakuta hana mlango.

"Shikamoo, baba mfalme."

"Marahaba."

"Nakuomba ushuke, baba. Wanangu wamo humo."

"Nishuke?" Mkia ukapiga pwaa! "Unamwambia nani ashuke? Mfalme hupanda. Mfalme hashuki. Uliona wapi mfalme akishuka?"

"Lakini wanangu wanalia."

"Hilo ni tumbo langu."

"Ni wanangu, baba."

"Wewe mama, yaani mimi silijui tumbo langu?"

Bi Nguchiro alilia. Kweli alilia, maana jua lilikuwa kali na watoto hawakuwa wamekunywa hata tone. Wakikaa mle mpaka usiku uingie, asingewakuta hai. Kisha akafuta pua, akaenda zake mtoni. Huko mafuriko yalikuwa yameleta mashina ya migomba kutoka mashamba ya watu. Akayapanga, akayafunga kwa nyuzi za migomba hiyo hiyo, akapata chelezo. Akatafuta mwanzi mrefu wa kusukumia, akapata upondo. Alasiri, jua limeshalegea, akakileta chelezo mpaka chini ya kichuguu. Sikioni alikuwa amechomeka unyoya wa kanga, kama mtu aliyeajiriwa kutembeza wageni.

"Karibu matembezi ya jioni, baba mfalme! Tunapita mtoni kutazama wanyama. Kuro, pofu, ngiri, saa hizi wote wako majini, tena wamenona! Hapo juu wakikuona wanakimbia. Chelezo wakikiona wanasema ni gogo."

Simba akameza mate, gu! "Lakini itanibidi nishuke."

"Nani kasema kushuka? Utapanda. Utapanda chelezo."

Simba akafikiri. Hapa nimepanda. Pale nitapanda. Sasa nikitoka kupanda huku nikaenda kupanda kule, hapo katikati panaitwaje? Akafikiri tena. Akaona afadhali asifikiri. Akaruka kutoka kichuguuni moja kwa moja mpaka kwenye chelezo. Migomba ikabonyea, maji yakamlowesha makalio.

Upondo: chubwi! Chelezo: nyolooo.

"Kanuni za matembezi," akasema Bi Nguchiro. "Usisimame. Na usiwalishe wanyama."

"Nisiwale?"

"Usiwalishe."

"Mimi nimekuja kuwala!"

"Kuwala ruhusa, baba. Kuwalisha marufuku. Ukitia mguu majini mamba wakautafuna, utakuwa umewalisha."

Simba akaivuta miguu yake yote, akaikalia.

"Haya, sasa tunashuka."

"Tunafanya nini?"

"Tunashuka mto, baba. Maji yanaelekea chini."

"Mimi sishuki!"

"Wewe umepanda. Kinachoshuka ni chelezo."

"Basi mimi niliyepanda kitu kinachoshuka, mimi nafanya nini?"

"Unatazama wanyama."

Simba akafikiri. Akafikiri tena. Akaona afadhali asifikiri.

Upondo: chubwi! Chelezo: nyolooo.

"Kulia kwako, baba, ni kuro." Kuro alikuwa amesimama katika maji ya magoti, shingo nene, anang'aa. Simba akalamba midomo. Kabla hajamaliza kulamba, kuro ameshabaki nyuma. "Kushoto kwako ni pofu na mwanawe." Simba akageuza kichwa. Pofu naye akabaki nyuma. "Mbele yetu ni ngiri, na mkewe, na shemeji yake."

"Simamisha hapo kwa shemeji!"

"Aa, baba, mkondo hausimami. Kwanza unatazama, kisha unachagua."

Simba akatazama. Kadiri alivyotazama, ndivyo mambo yalivyozidi kumpotea. Kuro hakukimbia, alimkodolea macho. Pofu alikuwa anamsogeza mwanawe mbele aone vizuri. Ngiri alikuwa amekwisha kuita ukoo mzima: "Njooni! Njooni muone! Simba juu ya migomba!"

"Bi Nguchiro," akanong'ona Simba, "hapa nani anamtazama nani?"

"Wewe unatazama wanyama."

"Na wao?"

"Na wao wanatazama mnyama."

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua zaidi. Tumbo lake lilikuwa kimya. Njaa ilikuwepo, tena imezidi, lakini ile sauti ya chwi chwi haikuwepo. Simba akajipapasa, akatega sikio, kimya ji. Nimelisahau tumbo langu kule juu, akawaza, na akashikwa na huzuni ya kweli. Msimcheke. Ni vibaya kukaa na njaa usijue inakaa wapi.

Basi wakafika kwenye kona ya mto. Pale kwenye kona maji huzunguka, na Bi Nguchiro kwa udogo wake hakuweza kushindana nayo. Yakakishika chelezo, yakakizungusha zunguu, zunguu, yakakirudisha nyuma kwa kufuata ukingo.

"Huyu shemeji nimeshamwona," akasema Simba.

"Shemeji wako wengi, baba."

"Na huyu kuro?"

"Huyu ni ndugu yake."

Mara kichuguu hiki hapa, mbele yao! Na kule juu watoto wa nguchiro walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanateremka wakiyumba kwa kiu, wanafuata maji. Chwi, chwi, chwi!

"Tumbo langu!" Simba akanguruma. "Lile pale! Linatembea!"

Akakaza macho. Akanusa. Polepole, kijiko kwa kijiko, akili ikamjia.

"Lile si tumbo," akasema. "Ile ni nyama."

Akajikunja tayari kuruka. Ukingo ulikuwa karibu, hata mbuzi mzee angeufikia. Bi Nguchiro akaukaza upondo mikononi. Mama wa watu aliogopa.

"Ruka, baba," akasema kwa sauti nyembamba. "Ruka tu. Ila kule uliruka ukapanda chelezo. Hapa ukiruka utapanda nini?"

"Nitapanda mchanga."

"Mchanga unapandwa? Mchanga hushukiwa, baba. Na hawa wote wametoka kumwona mfalme. Leo ndio watamwona akishuka."

Simba akatazama ukingoni. Kuro, pofu, ngiri na ukoo wake, wote wamekifuata chelezo, shingo zimenyooka, wanangoja. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari hewani. Ukabaki hewani. Nikienda mbele nashuka. Nikikaa nimepanda. Lakini nyama iko mbele. Lakini mfalme hashuki. Lakini njaa. Akafikiri. Akafikiri tena.

Alipokuwa katikati ya kufikiri, Bi Nguchiro akauegemeza upondo kwenye mchanga, akasukuma kwa nguvu zote alizozaliwa nazo. Chelezo kikachomoka, kikaingia kwenye mkondo wenyewe, ule wa katikati usiorudi nyuma. Yeye akaning'inia kwenye upondo, akatua mchangani, pwata!

"Unaniacha na nani?" akapiga kelele Simba.

"Mimi mdogo, baba," akajibu Bi Nguchiro. "Sisi wadogo hushuka."

Hakumtazama tena. Alikuwa na kazi ya kuwafuta watoto pua na kuwaambia wanywe taratibu wasipaliwe. Wakanywa, wakanywa, wakanywa, halafu wakaanza kugombana, na hapo akajua kweli wamepona.

Simba naye alikwenda na maji. Alikaa wima, shingo juu, maana wanyama walijipanga kando zote mbili na hakuweza kujua kama wanamsalimu au wanamcheka. Kila mnyama aliyempita, Simba alimuuliza swali lile lile. Jua lilipokuwa linazama akamwona korongo amesimama kwa mguu mmoja.

"Samahani, bwana Korongo. Hivi mimi hapa napanda au nashuka?"

Korongo akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili.

"Unapita," akasema.

Ngano yangu miguu imeiuma, naitua hapa.
— Itue ipumzike!

Ati nini? Mnataka na funzo? Haya, funzo ni hili. Ukishakalia mlango wa mwenzio, kaa hapo hapo, usiondoke hata ukialikwa matembezi. Watoto wenye kiu nao wajifunze kutulia, wakubwa wamepumzika. Mnacheka nini? Funzo ndilo hilo, na atakayelifuata aniambie, nitamfungia chelezo mimi mwenyewe.