Mbeyu na Ziwa la Mlimani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mlima mrefu!
Tuupande nawe!
Na atakayechoka?
Abebwe na hadithi!

Basi sikilizeni. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakiamkiana na watu asubuhi, mvua iligoma mwaka mzima. Mito ikakauka. Vijito vikakauka. Kikabaki kisima kimoja tu, chini ya mlima.

Kisima kile kilikuwa cha mwenye nguvu. Nyati akija, anasukuma. Pundamilia akija, anapiga mateke. Mdogo akija, anarudi na kiu yake.

Palikuwa na digidigi mmoja, jina lake Mbeyu, aliyekuwa na mama mzee. Siku tatu mama yake alikwenda kisimani, na siku tatu akarudi mdomo mkavu. Mbeyu akamtazama, moyo ukamuuma.

Bi Tembo, mkubwa wa nchi ile, akaita baraza.

"Kisima kinataka mgawaji," akasema, "na mgawaji hachaguliwi kwa pembe wala kwa meno. Wazee husema huko juu kileleni kuna ziwa. Kesho jua likichomoza, anayetaka apande. Arudi kabla jua halijazama, aniambie alichokiona. Hapo nitachagua."

Asubuhi wakajitokeza watatu: Kongoni, Mbweha, na Mbeyu. Nyati akaangua kicheko.

"We mtoto, hivyo vijiti ndivyo miguu ya kupandia mlima?"

Mbeyu akamsogelea mama yake. Mama yake akamlamba paji la uso. "Nenda mwanangu. Usiutazame mlima. Tazama unapokanyaga."

Wakatimka! Kongoni akapotea mbele kama mshale. Mbweha akakimbia mpaka kona ya kwanza, akaona pango, akaingia, akajikunja. "Nani atakuja kunichungulia huku?" akasema, akafumba macho.

Mbeyu akapanda. Akapanda huku akiimba, nanyi mwitikieni:

Kwato zangu, twendeni!
Twendeni!
Mlima haukimbii, twendeni!
Twendeni!

Akaingia msituni. Chini palijaa kuvumwani, ule ukijani unaofunika mawe na magogo, laini kama kitanda, nao ukamnong'oneza, "Lala kidogo, Mbeyu. Kidogo tu." Kope zikawa nzito. Akaimba, akapita.

Akaingia kwenye mianzi. Upepo ukavuma ndani ya mianzi, ikaita kwa sauti ya mama yake, "Rudi, Mbeyu. Rudi nyumbani." Machozi yakamlengalenga. Akaimba, akapita.

Mwisho wa mianzi akamkuta Kongoni amelala chini, ubavu ukipanda na kushuka.

"Kaka, una nini?"

"Mbavu zinawaka moto, dada. Nilikimbia kana kwamba kilele kiko mlangoni. Niache. Jua halikungoji."

Mbeyu akalitazama jua. Akamtazama Kongoni. Akasimama palepale, akamwimbia. Mara ya kwanza Kongoni akainua kichwa. Mara ya pili akapiga magoti. Mara ya tatu akasimama, akaanza kushuka polepole.

Mbeyu akafika kwenye mawe. Hapo ukungu ukashuka, mweupe, kimya, ukaimeza dunia. Hakuziona kwato zake. Hakusikia pumzi yake. Akakimbia, akakimbia, mpaka hakujua tena kama anakimbia au anaota anakimbia. Ilikuwa kana kwamba yeye amesimama tu na mlima ndio unaopita chini yake, taratibu, kama mnyama mkubwa anayekwenda malishoni.

Kisha hapakuwa na pa kupanda tena.

Mbeyu akatafuta ziwa. Akazunguka kulia, halipo. Akazunguka kushoto, halipo. Palikuwa na shimo pana, kavu, na katikati jiwe jeusi lililotota kwa ukungu. Akalilamba. Matone matatu tu. Akalia hapo juu peke yake.

Halafu akashuka. Akaanguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Akaanguka, akainuka.

Alipofika barazani, jua lilikuwa limegusa miti. Akamkuta Mbweha ameketi mbele ya wanyama, amejipaka tope hadi magotini.

"Ziwa la buluu!" Mbweha alikuwa akisema. "Mayungiyungi huku, samaki huku! Maji matamu kama asali!"

Wanyama wote wakameza mate. Bi Tembo akageuka.

"Nawe Mbeyu, umeona nini?"

Mbeyu akautazama mdomo mkavu wa mama yake. Neno moja tu, ziwa, nani angembishia? Akainua kichwa.

"Sikuona ziwa, bibi. Niliona shimo kavu na jiwe."

"Hakufika huyo!" Nyati akapiga kelele.

Bi Tembo akainua mkonga, pakawa kimya.

"Jiwe la rangi gani?"

"Jeusi."

"Ukalifanya nini?"

"Nililamba. Nikapata matone matatu."

Bi Tembo akashusha pumzi ndefu. "Nami nilipokuwa msichana nililamba jiwe lile. Ziwa lilikauka kabla bibi yangu hajazaliwa. Nilitaka kujua nani atapanda, na nani atarudi na ukweli. Mbeyu, kisima ni chako kugawa. Nawe Mbweha, utakunywa wa mwisho mpaka mvua irudi."

Mbweha akafyata mkia.

Jioni ile Mbeyu aligawa maji, na Nyati akapanga foleni kama wengine. Wa kwanza kunywa alikuwa Kongoni, aliyefika akiburuta miguu. Mama yake Mbeyu akasubiri zamu yake. Ilipofika, akanywa, akanywa, mpaka akapiga chafya, na wote wakacheka.

Ndiyo maana wahenga husema, njia ya mwongo ni fupi. Njia ndefu hupimwa kwa miguu, lakini mwisho wake hupimwa kwa ulimi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, shukeni nayo. Ikiwa mbaya, niachieni mimi hapa mlimani.