Alama Kwenye Mlango wa Subira

Wahenga walisema kila mlango kwa ufunguo wake. Maana yake si ngumu: jambo halifunguki kwa kila mwenye mkono, bali kwa yule aliye na kifaa kinacholifaa, na anayeshindana na kitasa kwa ufunguo wa jirani huambulia vidole vyekundu. Wahenga hao hawakuwahi kumiliki lori hata moja. Hata hivyo, asubuhi moja ya mwaka 1966, mjini Garissa, malori matatu yaliwatolea ushahidi mbele ya Inspekta Kilonzo, mtu ambaye hakuwaamini wahenga wala malori.

Siku hizo kulikuwa na vita kati ya serikali na waasi walioitwa shifta. Hakuna gari lililoruhusiwa kusafiri peke yake. Yote yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara wa Bura uliondoka mara moja tu kila baada ya siku nane. Kwenye kizuizi cha barabara palikuwa na meza yenye miguu mitatu na jiwe moja, na nyuma ya meza hiyo aliketi Korane, karani. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wanaotoka na wanaoingia, nayo aliifanya kwa mwandiko mzuri kama shanga zilizotungwa. Lakini asubuhi hiyo moyo wake haukuwa mezani. Jana yake simu ya upepo ilikuwa imeleta habari kwamba pampu ya kisima cha Bura imekufa, na maji yaliyobaki ni ya siku mbili. Huko Bura, ndani ya uzio wa seng'enge ambamo watu walikusanywa na kukatazwa kutoka, alikuwamo dada yake Maka na watoto wake watatu. Lori la tatu kwenye foleni lilikuwa limebeba tangi la maji. Kama lisingeondoka leo, hesabu ya siku mbili na siku nane haikuhitaji karani.

Inspekta Kilonzo alikuwa amewasili wiki hiyo kutoka Nairobi. Alikuwa mkakamavu kama suruali iliyotiwa wanga, na alipenda sheria na maandishi kuliko chai. Alizunguka malori mara mbili, mikono nyuma, kisha akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Kwenye mlango wa kila lori palikuwa na alama iliyokwaruzwa kwa msumari: hapa duara lenye mkia, pale mistari mitatu, na kwenye lori la maji mwezi mchanga uliokatwa na fimbo.

"Nimewakamata!" akanguruma. "Hii ni lugha ya shifta. Mnaandikiana barua kwenye milango! Bila shaka ndani mmeficha risasi, na kila mmoja anajua maficho ya gari lake. Basi, kuanzia leo hakuna dereva atakayegusa gari alilolizoea. Alio, panda la Awil. Awil, panda la Alio. Na wewe dereva mgeni, Kulow, chukua la maji, maana mwenyewe nasikia amelazwa hospitalini."

Ni kweli. Dekow, dereva wa lori la maji, alikuwa ameteleza juu ya tangi, akaanguka na kuvunjika mguu. Sasa alikuwa Nairobi, mguu umening'inizwa kama nyama buchani.

"Lakini bwana Insbekta," alisema Awil, mzee wa ndevu zilizopakwa hina, "ile gari ya Alio mimi hapana jua. Na yeye hapana jua mimi. Ataniona mwizi."

"Gari ni gari na leseni ni leseni! Askari wa ulinzi wanaondoka saa nne kamili. Gari ambalo halitakuwa limewaka, nitajua ni hujuma, na dereva wake atalala korokoroni."

Basi sheria ikafuatwa, na matokeo yake yakaonekana. Lori la Alio liliitwa Kikohozi. Awil alipozungusha hendeli yake ya kuwashia injini, hendeli ilirudi nyuma kwa hasira ikamkosa kidevu kidogo tu, na ndevu za hina zikatetemeka. Lori la Awil liliitwa Arusi. Alio aliliharakisha, nalo likaruka hatua moja, likafuka moshi, likanyamaza kama bibi harusi aliyeulizwa umri wake. Kulow naye alibonyeza stata ya Subira, lile lori la maji, mpaka betri ikaanza kulia kwa sauti ya mbuzi mgonjwa. Watu wakajaa kutazama. Saa ya Inspekta ilionyesha saa tatu na nusu.

Korane aliacha kuandika. Alimkumbuka ngamia wa mama yao, ambaye hakumpa maziwa mtu yeyote ila Maka. Wengine wakimkaribia alibana kiwele na kutema mate. Maka akimwimbia wimbo wake, maziwa yalitiririka yenyewe. Nyumbani hakuna aliyewahi kusema kwamba mkamuaji ni mkamuaji. Sasa huyo Maka alikuwa akisubiri maji, na ndugu yake ameshika kalamu tu. Korane akaitazama ile kalamu. Akasimama.

"Bwana mkubwa," alisema, akiinyooshea milango kalamu yake, "hizo alama si barua. Ni chapa za ngamia. Ukoo wa Alio huchoma duara hilo shingoni mwa ngamia wao tangu enzi za babu yake. Alipopewa lori alitafuta shingo, akakosa, akaona mlango."

Watu wakacheka. Inspekta hakucheka.

"Na jambo jingine, bwana. Ukiwachanganya, kisha risasi ikapatikana ndani ya gari, utamshika nani? Awil atasema ni ya Alio, Alio atasema ni ya Awil. Lakini gari moja likiandikwa pamoja na dereva mmoja kwenye mstari mmoja, maficho yana mwenyewe."

Inspekta aliipima hoja hiyo, akaiona imenyooka kama sheria. Zaidi ya hayo, alikuwa amesikia neno "likiandikwa", na macho yake yakalainika.

"Utaandikaje?" aliuliza.

"Upande huu magari na chapa zake. Upande huu madereva. Kila dereva atachora chapa yake bila kutazama milango. Ikilingana na ya gari, atajaribu. Gari likikubali, nawaandika pamoja, nawe unatia sahihi. Likikataa, anarudi kwenye benchi naita mwingine."

"Anza!" alisema Inspekta, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Alio alichora duara lenye mkia. Akaenda kwa Kikohozi, akarudisha hendeli nyuma nusu mzunguko, akaipiga moja. Lori likakohoa mara tatu, likaitika. Awil alichora mistari mitatu. Akapanda Arusi, akaketi kimya kwanza, akakanyaga pedali mara mbili polepole kama mtu anayebisha hodi, nayo Arusi ikaamka ikiimba. Vigelegele vikapasua anga. Inspekta akatia sahihi mara mbili, akaitazama saa. Zilibaki dakika kumi na mbili.

Ukabaki mstari wa tatu. Upande wa gari: Subira, mwezi na fimbo. Upande wa dereva: patupu. Kulow alichora chapa ya kwao, nayo ilikuwa kichwa cha mshale. Alirudi kwenye benchi bila kuambiwa. Korane aliitazama ile nafasi nyeupe, na ndani yake akaona midomo iliyokauka ya watoto watatu.

"Waryaa!" aliwaita watu wote kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Chapa ya Dekow, nani anaijua?"

"Niulize mimi niliyeolewa nayo," ilijibu sauti kutoka kibanda cha chai. Alikuwa Nurto, mke wa Dekow, ambaye kwa miaka sita alisafiri na mumewe ndani ya lori hilo. Alikuja akijifuta mikono, akachukua kalamu, akachora mwezi mchanga na fimbo bila hata kuinama vizuri.

"Una leseni?" aliuliza Inspekta.

"Sina. Kwani lori limeomba?"

Hakungoja jibu. Alichovya kitambaa kwenye mtungi wa maji, akafunua boneti, akaifunga pampu ya petroli kama anayemfunga mtoto mwenye homa.

"Joto limechemsha petroli ndani ya mpira unaoipitisha," alisema. "Na wewe, walaal, ndugu yangu Kulow, ulikuwa unamkaba Subira koo. Shika hendeli. Hesabu mpaka ishirini, na usiibe!"

Kulow alihesabu, na umati wote ukahesabu naye. Ilipofika ishirini, Nurto alivuta waya mweusi chini ya usukani, Kulow akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Subira ikaguna, ikatikisika kuanzia taa hadi tangi, ikanguruma kama simba aliyetukanwa.

"Nimwandike nani?" alipaza sauti Korane katikati ya kelele za furaha. "Kulow ashike usukani, abaayo, dada yetu Nurto, akae kando yake na ujuzi. Mstari mmoja, bwana mkubwa?"

Dakika tatu. Inspekta alimtazama mwanamke, akalitazama lori, akatia sahihi.

Saa nne kamili msafara uliondoka. Inspekta, aliyekusudia kuufuata, aliingia ndani ya gari lake dogo, ambalo dereva wake alikuwa amemwondoa asubuhi hiyo kwa amri ileile. Gari lilisema "kich", likanyamaza. Korane akafungua ukurasa mpya, uso mkavu kama mahakama.

"Gari la nne, bwana. Dereva nimwandike nani?"

Saa kumi alasiri simu ya upepo ilizungumza. Subira imefika Bura. Wa kwanza kwenye foleni ya maji alikuwa mama mmoja na watoto watatu, naye aliomba karani wa kizuizini aambiwe kwamba wameshiba maji mpaka matumbo yanapiga ngoma. Korane alifunga daftari lake, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akacheka peke yake hadi machozi. Hakika, wahenga hawakuwa na lori, lakini hawakukosea: kila mlango kwa ufunguo wake.