Ukili wa Macho ya Kwale

Paukwa!

Pakawa.

Nianze?

Anza, bibi, masikio tumeyafungua.

Zamani sana, hata bibi yangu alihadithiwa tu, palikuwa na msuka mikeka, Bi Mboni. Alibuni ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, wenye nakshi isiyowahi kuonekana, akaiita macho ya kwale. Akawa anasuka mlango umefungwa. Mikeka akaiuza ng'ambo ya mto, asibakishe hata mmoja, wanakijiji wasije wakaiga.

Lakini Mize wa nyumba ya pili akachungulia. Mnamjua Mize? Kila kijiji kinaye. Akasuka, akakutwa. Bi Mboni akamwambia nakshi ile ni mali yake, aifumue hapo hapo, mwaa mmoja mmoja, jani kwa jani. Mize akafumua. Akasuka tena, akafumulishwa tena. Mara ya tatu Bi Mboni alikuja na kigoda chake, akakaa kitako mpaka mwaa wa mwisho.

Kipupwe kikaingia, Bi Mboni akaugua. Homa leo, homa kesho, homa mtondo. Alipoinuka, mjukuu wake Riziki ameshaposwa, harusi Ijumaa. Na kwao bibi harusi hatoki bila mkeka wa mkono na nakshi ya bibi yake.

Bi Mboni akashika miyaa. Akasuka, ukili ukapinda. Akafumua, akasuka, ukapinda. Mara ya tatu vidole vikasimama. Hesabu imempotea, na hana hata kipande cha kutazamia. Alilia, wanangu, mtu mzima yule.

Akajitanda kanga, akaenda nyumba ya pili.

"Mize, kile ulichoniibia bado unacho?"

"Ulinifumulisha mara tatu, Bi Mboni. Kuchungulia nilipata juujuu. Kufumua ndiko kulikonifundisha."

"Haya, nicheke. Ukimaliza, nifundishe."

Mize akamcheka kweli, kisha akatandika jamvi. Juu mbili, chini moja, geuza. Juu mbili, chini moja, geuza. Vidole vya bibi vikaanza kukumbuka. Mara akaona kitu kwenye ukili wa Mize.

"Na huu mstari mwekundu? Mimi sikuuweka."

"Huo wangu," Mize akasema, akaukunja ukili upesi, kama anayeogopa kunyang'anywa.

Bi Mboni akamshika mkono, taratibu.

"Usiufiche, mwanangu. Nifundishe na huo."

Ijumaa Riziki akatoka, na mkeka wake una macho ya kwale na mstari mwekundu. Kila aliyeuliza ni kazi ya nani, Bi Mboni alitaja majina mawili.

Hadithi imenitoka mdomoni, imewaingia ninyi. Anayeitaka aichukue, na akiihadithia aongeze lake.