Mistari na Mgonjwa Aliyechoka Kulishwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa yenu leo hafifu. Mmechoka? Hata mimi nimechoka, na huyu ninayetaka kuwasimulia alichoka kutupita sote. Wakubwa kwa wadogo, sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana umeme ulikuwapo na kioo kilikuwapo, palikuwa na bahari ndogo sebuleni kwa Bi Shamsa. Bahari ya sebuleni, mtaniuliza, ndiyo ipi? Ni sanduku la kioo. Maji ya chumvi ndani, mchanga chini, mawe katikati, taa juu. Kwenye kona, pampu inanguruma, vuuu, vuuu, kutwa kucha.

Humo aliishi samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Jina lake Mistari. Nyumba yake haikuwa jiwe wala tundu. Nyumba yake ilikuwa Bi Anemoni, yule kiumbe wa baharini anayefanana na ua, mwenye vidole vingi laini vinavyowasha. Samaki mwingine akivigusa huungua. Mistari alikuwa ameshavizoea, akilala humo kama mtoto mgongoni. Naye kwa mila ya ukoo wake akipata tonge halimezi. Humpelekea kwanza Bi Anemoni. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake alifanya hivyo.

Jumamosi moja Bi Anemoni akachoka na kivuli. Akaung'oa mguu wake jiweni, akaenda kutafuta mwanga. Kwenda kwenyewe ni kwa kujivuta, sru, sru. Akapita karibu na pampu. Pampu haina macho. Vuuu! Ikamvuta. Bi Shamsa aliposikia mngurumo umebadilika alikimbia kuizima, lakini vidole kadhaa vilikwisha kwenda na mguu ulikwisha kuchanika.

Akalazwa kwenye kibonde cha mawe, amesinyaa, mdomo wazi. Bi Shamsa akaivalisha pampu sifongo, akapunguza taa, akabadilisha maji ndoo moja. Kisha akainama kwenye kioo.

"Nakupa mpaka Ijumaa," akamwambia. "Ukishika jiwe, utakaa. Usiposhika nitakutoa nikutupe, maana ukifia humu maji yataoza na wenzako wote watakufa."

Mistari akasikia.

Sasa, ninyi mnajua, kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ndani ya kioo nako ni vivyo hivyo. Jumapili akaja Kamba mwenye sharubu ndefu, akasema atamsafisha kidonda. Akakichokonoa, choko, choko. Akaja Kaa, yule anayeishi ndani ya kombe la marehemu fulani, ameshika kipande cha dagaa. Akaja Konokono. Yeye hakuwa na cha kuleta, akajikalia tu juu ya mguu wa mgonjwa. Na kila mmoja alikuwa na habari ya ndugu yake aliyekufa kwa kidonda kama hicho hicho. Mnawajua wageni wa namna hiyo. Wengine wamekaa hapa wananitazama.

Na Mistari? Asubuhi tonge. Adhuhuri tonge. Jioni tonge.

"Kula, dada, kula upone."

Akala? Hakula. Akatema, pwe. Mistari akaliokota lile lile, akalirudisha mdomoni. Pwe. Akalirudisha. Pwe.

Jumatatu pwe. Jumanne pwe. Mistari mwenyewe hali, halali. Mapezi yanamuuma. Makombo yakarundikana chini, yakaoza, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Bi Shamsa akaja, akanusa, akatikisa kichwa.

Kufika Jumatano Mistari alikuwa hoi, mkia hauitiki. Akaleta tonge lake, likamponyoka, akajibwaga juu ya kidonda chenyewe na kulia.

"Dada, nifanye nini tena? Sina kilichobaki."

Bi Anemoni akasema neno. Alikuwa akilisema tangu Jumapili, ila sauti yake ndogo, na nani alinyamaza amsikie?

"Mdogo wangu, niondokeeni. Kidonda nakiweza, ninyi siwawezi. Nikitaka kushika jiwe, mtu amenikalia. Nikifumba mdomo, mtu anaufumbua."

Mistari akaumia. Siku nne bila usingizi, na shukrani ndiyo hiyo? Alitaka kujibu, lakini hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo. Uchovu huo ndio uliomfaa, kwa kuwa alinyamaza akatazama. Akaona mguu unavyotetemeka chini ya Konokono. Akaona yale makombo, na karibu yote yalikuwa ya kwake.

Akatoka. Akamsukuma Konokono pembeni. Akamwomba Kaa asilete chakula tena, ayale yale yaliyooza chini, na Kaa akakubali upesi, kula hakujawahi kumshinda. Kamba ndiye aliyenuna. Akasema kwao mgonjwa hatupwi.

"Siku nne tunamjulia hali, Kamba," Mistari akamjibu, "na hali yake hatuijui."

Kamba akajiondokea, naye Mistari akaenda kukaa kona ya mbali, nyuma ya bomba la pampu, maji yanamsukuma huku na huku. Kutofanya kitu kukamchosha kuliko kazi yote ya kwanza. Alhamisi likaanguka tonge, mwili ukageuka wenyewe kuelekea kwa mgonjwa. Akajizuia. Akalila yeye, na halikuwa na ladha.

Ijumaa Bi Shamsa akaja na ndoo. Chubwi, mkono ndani. Akamshika Bi Anemoni, akamvuta taratibu. Hakuja. Akamvuta tena kidogo. Jiwe likatikisika, Bi Anemoni hakubanduka. Bi Shamsa akacheka peke yake, akaondoka na ndoo yake tupu.

Mistari akasogea polepole. Akagusa kidole kimoja. Ts! Kikamuunguza. Ngozi yake ilikuwa imeshasahau, na aliyekaa mbali huanza upya kama mgeni. Akarudi nyuma, pezi linawaka moto. Akagusa tena. Ts! Machozi yakamtoka, na moyoni alikuwa na furaha.

"Dada, unachoma."

"Nachoma, mdogo wangu."

Maiti hachomi mtu. Basi Mistari akaanza kubisha hodi, kidole kimoja kimoja, hana haraka, amechoka, mpaka jioni akapokelewa ndani. Akalala.

Wanangu, na ninyi wakubwa wenzangu, funzo ni hili: ukimuuguza mtu, msikilize kwanza yeye, kwani kumwacha mgonjwa apumzike nako ni kumuuguza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na nguvu zangu zimeishia papo hapo. Naenda kujinyoosha. Asije mtu kunijulia hali.