Udongo wa Kumpa Mgeni

Hapo zamani, si ile zamani ya majitu, zamani ya juzi tu, aliishi Tumpe, mjane mwenye watoto na shamba la udongo mwekundu. Udongo ule ulikuwa mlafi. Ukiutilia mbolea ya fosfati, unaikamata, unaibana, mahindi yanabaki kulamba midomo.

Akaja Lutengano, bwana shamba, kuchukua udongo wa kupimwa. Tumpe akaona haya: mgeni hapewi makombo. Akamketisha kivulini kwa chai na viazi, akaenda mwenyewe kwenye zizi la zamani, penye samadi ya miaka, akamchotea udongo mweusi, mnono. Lutengano hakuinuka. Ila ili asionekane mvivu, alikwangua kwenye buti lake matope mekundu ya shambani aliyoyakanyaga wakati wa kuja, akayatia kwenye mfuko wa pili.

Mifuko ikafika kwa Dokta Nelusigwe, bingwa wa kukokotoa jinsi udongo unavyoshika fosfati. Udongo wa zizi, ulioshiba tayari fosfati ya samadi, haukushika kitu kila alipoupima. Udongo wa buti ulishika yote. Nukta yake kwenye karatasi ikakaa peke yake, mbali na mstari wa nukta za zizi, ikamharibia Dokta mchoro. Dokta akaifuta. Mstari ukapinda kwa madaha, mjini wakampigia makofi, na ushauri ukashuka kijijini: shamba la Tumpe linatosheka na mbolea ya kiganja.

Tumpe akatia kiganja. Udongo ukala, mahindi yakakosa. Yakasimama mafupi, majani ya zambarau, kama waombolezaji waliochoka. Ghala likabaki na panya, kisha panya nao wakahama.

Baraza likaketi: nani atawalisha Tumpe na wanawe hadi mavuno mengine?

Dokta akasema yeye hupima anacholetewa, na nukta moja yenye kituko haivunji hesabu.

"Mimi nilileta nilichopewa," akasema Lutengano. "Na ukweli niliuleta, Dokta, kwenye buti. Wewe ndiye uliyeufuta."

"Ukweli ulioukanyaga bila kujua," akajibu Dokta, "nao unataka asante?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Tumpe. Mbona alimpa mgeni udongo usio wa shamba?

Tumpe alijua kosa lake, na njaa ya wanawe aliijua zaidi.

"Baba, uliniomba udongo, hukuniomba ule mbaya," akamwambia Lutengano, kisha akaligeukia baraza. "Nyinyi nyote mmekula kwangu. Ni nani niliyewahi kumchinjia kuku mgonjwa?"



Haya, nyinyi mlioshiba kabla ya kuja kusikiliza, amueni: aliyetoa kilicho chema, aliyeng'ang'ania kivuli, aliyefuta nukta. Je, nani alistahili kulijaza ghala la Tumpe?